Matundu yaliyo sawa: vifaa vidogo vya kujitengenezea katika atelie



Katika atelie ambamo vijana waliohama makwao wanafanya kazi pamoja na wenyeji, ugomvi unaweza kuanzia kwenye jambo dogo. Benchi la shule linayumba, na kila upande unasema ni wale wengine waliotoboa vibaya. Mara nyingi hakuna mzembe: kila mmoja alipima kwa jicho lake. Vipande vichache vya mbao vinaweza kulifanya tundu la kumi lifanane na la kwanza, hata mashine ikishikwa na mtu mwingine.

Anzeni na meza ya mashine ya kutoboa. Chukua waya mgumu, ukunje mara mbili kama herufi Z yenye pembe za mraba, uubane mahali pa keekee (kile chuma cha kutobolea), ncha ya chini iguse meza. Umeme ukiwa umezimwa, zungusha kwa mkono. Ncha ikigusa upande mmoja na kuachia upande wa pili, meza imeinama. Legeza bolti, rekebisha, kaza, kisha jaribu tena. Bila hatua hii, yote yanayofuata ni bure.

Sasa funga ubao tambarare juu ya meza. Keekee itaishia ndani yake, na mbao unayotoboa haitapasuka upande wa chini. Nyuma yake weka ubao mwingine ulionyooka, uliosimama wima, wa kuegemezea kazi. Ubane kwa vibanio pande zote mbili. Ukitaka matundu yote yawe sentimita 4 kutoka ukingoni, pima mara moja tu, kutoka ubao huo hadi katikati ya keekee. Kisha bana kipande kidogo upande wa kushoto kiwe kizuizi: kila mguu wa benchi unasukumwa hadi hapo, unatobolewa, unatoka. Chonga kidogo ukingo wa chini wa ubao wa kuegemezea na wa kizuizi, vumbi la mbao lipate pa kuingia. Vumbi likibanwa hapo, kipimo kinahama, na ndipo lawama zinapoanza upya.

Kwa bomba la chuma, chonga mfereji wa umbo la V katika mbao nene. Shusha keekee mpaka iingie katikati kabisa ya mfereji, kisha bana mbao hiyo. Bomba halitateleza.

Vifaa hivi vinalinda vidole pia. Keekee ikinasa, inazungusha kazi kuelekea inakozunguka yenyewe, mfano wa mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Kwa hiyo kipande kirefu kiegemee upande wa kushoto wa nguzo ya mashine. Kikinaswa kitagonga nguzo, si mbavu zako. Bati jembamba libanwe katikati ya mbao mbili. Msivae glavu, na kitambaa au nywele ndefu zifungwe. Keekee nene izunguke polepole.

Viongozi wanaosimamia atelie: kila kifaa kiandikwe juu yake kazi yake, kwa mfano «mguu wa benchi, milimita 10», kisha kitundikwe ukutani, wazi, si ndani ya sanduku la mtu mmoja. Kundi la asubuhi likiondoka, la mchana likute kipimo kilekile.