Mazoezi kwa wazee makazini: kiti tu kinatosha!



Sikukuu zikikaribia tunaona picha za vijana waliokwenda makazi ya wazee, iwe Nunge kule Kigamboni au Funga Funga pale Morogoro. Sukari, sabuni, mchele, picha mbili tatu, basi. Sina ubaya na hilo, sabuni inahitajika kweli. Ila leo naongelea zawadi isiyo na bei: nusu saa ya mazoezi mepesi.

Najua kuna atakayesema "mzee wa miaka 80 mazoezi ya nini, mwacheni apumzike". Hapo ndipo tunapokosea jamani. Misuli isiyotumika inanyauka, na ya mzee haichelewi. Leo anapata taabu kuinuka kwenye kiti, kesho hawezi kwenda chooni mpaka ashikwe. Akianguka akavunjika nyonga, wengi hawatembei tena kama mwanzo. Kwa hiyo hatutafuti mwili wa jimu hapa. Tunalinda heshima ya mtu, aende msalani mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutuliza mwili usiyumbe, siku 3 au zaidi kwa wiki. Kwenda mara moja Krismasi haitoshi. Jipangeni zamu.

Sasa tunafanyaje?

1. Anza na muuguzi. Uliza nani ana presha, nani kisukari, nani alipata kiharusi, nani leo asiguse kabisa.

2. Tafuta viti imara vyenye mikono, uviegemeze ukutani. Vile vya plastiki vyepesi vinateleza. Fanyeni asubuhi kabla jua halijawa kali, maji ya kunywa yawe karibu.

3. Shikamoo kwanza! Halafu na wewe kaa kwenye kiti mbele yao, usisimame kama afande. Na usiwaongeleshe kama watoto wa chekechea.

4. Dakika 5 za kupasha: mabega, vidole, vifundo vya miguu. Kisha nyoosha goti moja, hesabu mpaka 3, shusha, mara 8 kila mguu. Halafu zoezi lenyewe hasa: kuinuka na kukaa, akishika mikono ya kiti. Mara 5 zinatosha kuanzia. Wenye uwezo washike nondo za dirisha au nguzo ya baraza, wainue visigino, mmoja wenu akiwa karibu kabisa.

5. Wote wahesabu kwa sauti. Anayehesabu habani pumzi, na kubana pumzi kunapandisha presha. Tena akishindwa kuongea, ujue umemzidishia, punguza.

Tahadhari: asikurupuke kusimama, maana dawa za presha zinaweza kumletea kizunguzungu. Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka au pumzi ikikata, ACHA, mwite muuguzi. Wenye kisukari, na wale waliougua ukoma zamani, miguu yao inaweza kuwa na ganzi. Wavae viatu, na wahudumu wawakague vidonda baadaye.

Muziki je? Weka wa enzi zao, Mbaraka Mwinshehe au taarab ya zamani, uone mabega yanavyocheza yenyewe. Bongo Fleva yako baki nayo kwenye simu.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Sisi vijana tuna haraka. Mzee akianza kujiinua tunamdaka kwapani, tunamvuta, tunadhani tumemsaidia. Kumbe tumemnyang'anya zoezi lenyewe! Kama anaweza, mwache ajiinue hata akitumia dakika nzima. Wewe simama karibu, mikono tayari, mdomo kimya.

Nawasilisha. Aliyewahi kufanya haya atupe uzoefu wake.