Kabla ya Kuziba Ufa wa Kanisa, Tuusome

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika parokia na vigango vyetu tunalitii neno hilo kwa haraka: sikukuu ya somo wa parokia inakaribia, fundi anaitwa, anapaka saruji na rangi, na baada ya masika ufa unarudi palepale. Sadaka ya waamini imetumika, lakini chanzo hakijaguswa. Ufa ni dalili, kama homa. Daktari hatoi dawa kabla ya kujua kama ni malaria au taifodi.

Tuanze na nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kwenye lipu kama utando wa buibui. Hizi kwa kawaida hutokana na lipu iliyokauka haraka bila kumwagiliwa maji, au iliyozidishiwa saruji. Huharibu sura tu, haziangushi ukuta.

Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya tofali ni jambo jingine. Huo hutuelekeza kwenye msingi: sehemu moja ya jengo imezama kuliko nyingine. Ukiwa mpana zaidi juu, mara nyingi mwisho wa jengo ndio unaozama. Ukiwa mpana zaidi chini, imezama sehemu ya katikati. Na kama hufunguka kiangazi na kujibana masika, tushuku udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mti mkubwa ulio karibu na ukuta huzidisha tatizo, kwa kuwa mizizi yake hunyonya maji ya udongo huo.

Ufa wa mlalo karibu na paa, pamoja na ukuta ulioinama kwa nje, huonyesha kwamba paa linausukuma ukuta, hasa pale ambapo hakuna lenta inayofunga kuta zote pamoja.

Nyufa zinazokatizana kwa umbo la X katikati ya madirisha ni alama ya tetemeko la ardhi, kwa kuwa ukuta ulisukumwa huku na huku. Ndugu zetu wa Kagera hawajasahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kuharibu maelfu ya nyumba.

Kwenye nguzo za zege, tutazame ufa unaofuata nondo, wenye madoa ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hupasua zege kutoka ndani. Makanisa ya pwani yako hatarini zaidi kwa sababu ya chumvi ya bahari. Kupaka saruji juu ya ufa huo hakuizuii kutu.

Tuchunguze pia unyevu. Doa linaloanzia sakafuni na kuacha unga mweupe wa chumvi hutokana na maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa linaloshuka kutoka juu hutupeleka kwenye bati lililotoboka au mfereji ulioziba.

Je, ufa bado unaendelea? Tuweke alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe, tuupime upana kwa rula, tuupige picha, kisha turudie kila mwezi, kiangazi na masika. Ukizidi milimita 5, ukiendelea kukua, au ukiwa kwenye nguzo, tumwite mhandisi. Ukuta ukiinama au zege likidondoka, tusimsubiri mhandisi ndipo tuwaondoe watu: Misa iadhimishwe mahali pengine.

Kanuni ya 1284 ya Sheria za Kanisa inawadai wasimamizi wa mali za Kanisa uangalifu wa baba mwema wa familia. Mseminari wa leo ndiye paroko wa kesho, na mezani pake itafika bajeti ya ukarabati. Kabla ya kuiidhinisha, yeye na halmashauri ya walei waulize kwanza: chanzo ni nini?