Jibu la tatu la mizani

Mwenye duka mwenye mizani ya sahani mbili akiombwa robo tatu ya sukari, naye ana jiwe la kilo na la robo tu, hahangaiki. Jiwe la kilo analiweka sahani moja, la robo analiweka kwenye sahani ya sukari, kisha anamimina taratibu mpaka mshale usimame katikati. Kilo moja, toa robo. Mteja anafungiwa sukari yake anaondoka.

Mwaka 1612 Mfaransa Claude-Gaspard Bachet aliifikisha hesabu hiyo mbali katika kitabu chake cha mafumbo. Alionyesha kwamba mawe manne tu, la 1, la 3, la 9 na la 27, yanapima kila uzito kamili kuanzia 1 hadi 40, mradi jiwe linaruhusiwa kukaa sahani yoyote. Unataka kilo 5 za mahindi? La 9 liende upande wake, la 3 na la 1 yakae pamoja na mahindi.

Mizani hizo zinazidi kupisha za kidijitali. Ningependa, kabla hazijatoweka kabisa, ziingie darasani katika shule za kata ya Susuni na wilaya nzima ya Tarime, kwa sababu zinafundisha kufikiri kwa namna ambayo ubao peke yake hauwezi.

Mpe mtoto gololi 9 zinazofanana, moja ikiwa nyepesi kidogo. Aitafute kwa kupima mara mbili tu. Wengi wetu hukimbilia kugawa nusu kwa nusu, nne huku na nne kule, kwa kudhani mizani ina majibu mawili: imelala huku au imelala kule. Hapo ndipo tunapokwama. Mizani ina jibu la tatu, kusimama sawa, na jibu hilo linazungumzia gololi ambazo hazijapandishwa kabisa. Basi gawa tatu tatu. Pima fungu moja dhidi ya jingine. Zikilingana, nyepesi imo katika fungu lililobaki chini. Rudia kwa gololi tatu za fungu lenye nyepesi, moja kwa moja, umemaliza.

Sasa fumbo kubwa, lililowashughulisha sana wanahisabati miaka ya 1940. Gololi ni 12, moja ina kasoro, lakini hujui kama ni nzito au nyepesi. Unapima mara tatu. Majibu matatu, mara tatu, yanatoa njia 27. Uwezekano ni 24. Nafasi ipo, ila ni finyu.

Anza nne kwa nne. Zikilingana, kasoro iko katika nne zilizobaki chini, nawe una nane za kuaminika. Pima tatu kati ya hizo nne dhidi ya tatu nzima, na kilichobaki ni rahisi. Kazi iko pale mizani inapolala. Tuseme A, B, C, D zimezama, na E, F, G, H zimepanda. Wengi huziondoa zote na kuanza upya, wakati kila gololi tayari ina ushahidi wake: A hadi D haiwezi kuwa nyepesi, E hadi H haiwezi kuwa nzito. Ubadilishe mpangilio: A, B na E upande mmoja, C, D na F upande wa pili, G na H zikae nje. Zikilingana, nyepesi ni G au H. Ukizama upande wa A, ni A au B nzito, au F nyepesi. Ukizama upande wa C, ni C au D nzito, au E nyepesi. Kipimo cha mwisho kinazipambanisha zile mbili zinazoshukiwa kwa namna moja.

Mwaka 1946 Freeman Dyson, Mwingereza aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri, alichapisha ufumbuzi wa jumla, wa idadi yoyote ya vipimo. Mwanafunzi wa Susuni anaweza kuianza njia hiyohiyo kwa ufito, kamba na vifuniko viwili vya ndoo. Ufito uning'inizwe katikati kabisa, na kabla ya kuanza vitu vibadilishwe sahani ili kuhakikisha mizani haipendelei upande.

Wakishazimaliza 12, mwalimu awape 13, bila gololi ya ziada. Yenye kasoro wataipata kwa vipimo vitatu, ila si kila mara watajua kama ni nzito au nyepesi. Waulizwe kwa nini.