Kununua Nyumba Yenye Mpangaji Anayedaiwa Kodi

Wapo wananchi wanaonunua nyumba, kuzikarabati na kuziuza tena. Biashara hiyo ni halali, lakini huweza kukwama pale ambapo ndani ya nyumba yumo mpangaji asiyelipa kodi, naye muuzaji alimhakikishia mnunuzi kwa mdomo tu kwamba mpangaji huyo ataondoka.

Ifahamike kwamba kuuzwa kwa nyumba hakuvunji upangaji. Mnunuzi huingia katika nafasi ya mwenye nyumba wa awali, akichukua haki na wajibu wake. Upekuzi katika daftari la ardhi humwonyesha mmiliki na rehani iliyosajiliwa, lakini upangaji wa mwezi kwa mwezi hauandikishwi humo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha, mnunuzi hana budi kufika kwenye nyumba na kuzungumza na mpangaji, muuzaji akiwapo.

Huenda anayeitwa mdaiwa amekwisha kumlipa muuzaji kodi ya mwaka mzima, au alitengeneza paa kwa makubaliano kwamba gharama itakatwa katika kodi. Stakabadhi na mkataba wa upangaji vikaguliwe.

Deni likithibitika, mkataba wa mauziano utaje kiasi chake na nani mwenye haki ya kulidai. Kwa mfano, kodi ikiwa shilingi 150,000 kwa mwezi na mpangaji akidaiwa miezi 5, deni ni shilingi 750,000. Pande mbili zaweza kukubaliana kwamba sehemu ya bei isilipwe hadi nyumba itakapokabidhiwa ikiwa tupu. Muuzaji akimwachia mnunuzi deni hilo, mnunuzi aweza kumsamehe mpangaji kwa sharti la kuhama katika tarehe iliyoandikwa na kushuhudiwa. Msamaha huo huweza kuwa nafuu kuliko kuacha mtaji ulale.

Mnunuzi asijichukulie sheria mkononi kwa kung'oa milango au mabati, kukata maji na umeme, au kutoa vyombo nje. Kufanya hivyo kwaweza kumfanya yeye ndiye adaiwe fidia. Njia halali ni kumpa mpangaji notisi ya maandishi, isiyopungua mwezi mmoja kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi. Akikaidi, shauri lifikishwe Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 husuluhisha tu wala halitoi hukumu. Suluhu isipopatikana ndani ya siku 30, mlalamikaji aweza kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mamlaka ya kuamuru mpangaji aondoke na kulipa anachodaiwa.

Mwenye shauri la namna hii afike kwanza ofisi ya Mtendaji wa Kata akiwa na mkataba wa mauziano, nakala ya notisi na kumbukumbu zote za malipo ya kodi.