Kisu cha mufukoni kisichokula kutu: titani, inoksi, ao chuma cha kawaida?

Kuna ulizo moja ambalo linarudi kila mara katika mikutano: ni kisu gani cha kutembea nacho kila siku kisichoshika kutu? Wengine wameona ku telefone picha za visu vya kukunja vya titani. Wameambiwa kwamba kisu hicho hakizeeki, na wanataka kujua kama koperative inaweza kuagiza. Tunajibu hapa. Jibu si fupi, juu kwetu sisi wenye migomba, ulizo la kutu linatembea pamoja na ulizo la ugonjwa.

Wote tunajua munyauko wa migomba, ule wataalamu wanaoita BXW. Katika nchi yetu ulionekana kwanza Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, na baadaye ukafika Kivu ya Kusini na Ituri. Majani yanageuka manjano na kulegea, matunda yanaiva mbele ya wakati, ukipasua ndizi unakuta ndani ni rangi ya kahawia, na shina likikatwa linatoa utomvu wa manjano. Dawa hakuna. Ugonjwa unasafiri kwa wadudu wanaotembelea ua, kwa vichipukizi tunavyobeba toka shamba moja mpaka lingine, na kwa chuma chetu sisi wenyewe. Ukikata mugomba mugonjwa, utomvu wenye vijidudu unabaki ku kisu. Ukikata muzima nyuma yake, umeupanda ugonjwa kwa mukono wako.

Ndiyo maana agronomu anasema tusafishe kisu kila tunapotoka mugomba mumoja kwenda mwingine. Mafundisho ni mawili: kuosha ndani ya maji ya Jik, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo vitano vya maji, ao kupitisha kisu ku moto mpaka kiwe moto wa kutoguswa. Hakuna asiyejua hiyo. Lakini tunapopita ku mashamba tunaona ndoo ya Jik iko pale, na visu havipiti ndani. Ukiuliza, jibu ni moja: Jik inakula kisu.

Na ni kweli. Si uvivu. Klori iliyo ndani ya Jik inashambulia chuma cha kawaida. Siku chache tu na vitone vyekundu vinatokea, kisha mashimo madogo, kisha makali yanaanza kumeguka. Mutu aliyenunua kisu kwa pesa aliyotaka kulipa minervali ya mutoto hatakubali kukiona kinaoza kwa wiki mbili. Basi anaacha kuosha. Kwa hiyo kisu kinachovumilia Jik si mambo ya kujionyesha: bila hicho, mafundisho ya agronomu yanabaki ku karatasi.

Sasa chuma chenyewe. Visu vingi vya soko ni vya chuma cha kaboni. Okapi, kisu cha kukunja ambacho wengi wetu tumekua nacho, ni cha chuma hicho. (Kisu kile kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 na leo kinatoka Afrika Kusini, lakini jina ni la munyama wetu wa pori la Ituri.) Chuma cha kaboni kina sifa yake: kinanolewa upesi hata ku jiwe la mutoni, na kinakata vizuri. Ubaya wake ni kutu. Mvua, jasho, utomvu wa ndizi, maji ya kahawa iliyotolewa maganda, ndimu, vyote vinakichafua. Kwa mutu mwenye kahawa ao mihogo tu, anayepangusa kisu chake kila jioni na kukipaka mafuta kidogo, kinatosha kabisa na hatumushauri atupe pesa. Kwa mwenye migomba karibu na ugonjwa, hapana.

Inoksi ni chuma kilichochanganywa na kromi, angalau 10.5 kwa 100. Kromi inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, na ngozi hiyo ikikwaruzwa inajirudisha yenyewe. Lakini musidanganyike: inoksi inachelewa kushika kutu, haikatai kabisa. Ukiiacha ndani ya Jik usiku mzima, nayo itatoboka. Ioshe, isuuze ku maji safi, ipanguse, basi. Ubaya wake mwingine ni kwamba inoksi nzuri inaomba subira ku kunoa. Ile ya bei ndogo ni laini, inanolewa upesi na inapoteza makali upesi.

Titani nayo? Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Titani haishiki kutu kabisa. Maji ya chumvi haiyaogopi, Jik haiiogopi, jasho haliigusi. Ni nyepesi pia: kipande cha titani kina uzito unaopita kidogo tu nusu ya kipande cha chuma cha ukubwa ule ule. Kwa hizo sifa mutu angesema kazi imekwisha. Lakini titani si ngumu ya kutosha kwa makali. Viwanda vinapima ugumu kwa kipimo cha Rockwell: chuma cha kisu kizuri kinafika 55 mpaka 60, na titani inayotumiwa sana inasimama karibu na 36. Makali yake yanalala upesi. Kuna visu vyenye ubapa wa titani, ndiyo, vya wazamiaji wa bahari na vya watu wanaoondoa mabomu ya chini ya maji, sababu titani haivutwi na sumaku. Hiyo si kazi yetu.

Kwa hiyo wakikuambia « kisu cha titani », mara nyingi maana yake ni mupini wa titani na ubapa wa chuma. Mupini hautaoza kamwe. Lakini kinachokata mugomba, na kinachoingia ndani ya Jik, ni ubapa. Uliza kwanza ubapa ni wa chuma gani; mupini uulize nyuma. Visu vya mupini wa titani ya kweli, toka viwanda vinavyojulikana, mara nyingi vinapita dola 100. Sisi kwa pesa hiyo tungenunua visu vya inoksi vya watu kadhaa, pamoja na jiwe la kunolea na katoni ya Jik.

Tena kuna ujanja wa soko. Utaona kisu cha bei rahisi, ubapa ni rangi ya zahabu ao mweusi, kimeandikwa « Titanium ». Mara nyingi hiyo ni rangi tu, ganda jembamba lenye titani lililopakwa juu ya chuma cha kawaida. Siku ya kwanza utakayokinoa, ganda linatoka pale pale penye makali, na kutu inaanzia hapo hapo.

Namna ya kupima iko rahisi. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya radio iliyokufa. Titani ya kweli haishikwi na sumaku, na ukiibeba unasikia wepesi wake. Lakini angalisho: inoksi ya visu inashikwa na sumaku. Wengi wanasema inoksi ya kweli haishikwi. Hiyo ni kweli kwa vijiko na sufuria nyingi, si kwa visu, na tumeona watu wakikataa kisu kizuri juu ya hiyo. Kwa inoksi, pima na ndimu: paka maji ya ndimu na chumvi kidogo ku ubapa, acha mpaka asubuhi. Chuma cha kaboni kitakuwa cheusi ao chekundu. Inoksi nzuri itabaki safi, ao karibu safi.

Mambo ya kukunja tuyatazame kidogo, sababu kutu na ugonjwa vinapenda kujificha mahali pamoja: pale ku pini ubapa unapozungukia, na ndani ya mupini ubapa unapolala. Utomvu unaingia pale na haupanguswi na kitambaa. Chagua kisu chenye mupini ulio wazi upande wa mugongo, ili maji yapite na jua liingie. Kama pini ni skrubu inayofunguliwa, ni vizuri zaidi. Kiwe na kizuizi cha kushika ubapa ukiwa wazi, juu kisu kinachojifunga chenyewe kimekata vidole vya wengi.

Mupini wa mbao ni mzuri ku mukono lakini unakunywa maji. Opinel ya Ufaransa, ile ya namba 8 yenye ubapa wa sentimetre 8 na nusu na pete ya kufunga, inajulikana kwa hiyo: musimu wa mvua mbao inavimba na kisu kinakataa kufunguka. Tena Opinel inatoka kwa namna mbili, ya kaboni na ya inoksi, zinazofanana sana. Soma ubapa kabla ya kulipa. Kwa kazi ya Jik sisi tunapendelea mupini wa plastike ngumu, rangi ya kuonekana, nyekundu ao ya machungwa, kisipotee ndani ya majani.

Plastike lakini haipendi moto, kwa hiyo mwenye kisu hicho atumie Jik tu. Na mwenye kutumia moto asifikishe ubapa ku wekundu. Chuma kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake, na hakuna kunoa kutakakoirudisha. Vijidudu vya munyauko vinakufa mbele sana ya bluu.

Tuseme wazi pia: ndani ya shamba lenye ugonjwa, kisu bora kabisa ni kile kisichokunjwa, cha inoksi, kipande kimoja, ndani ya ala inayooshwa. Hakina pini, hakina mahali pa kuficha kitu. Kisu cha kukunja ni cha mufukoni: kukata kamba ya mufuko, kufungua ganda la kakao kuona mbegu, kumenya, kupandikiza. Na njiani, mwenye kisu kidogo kilichokunjwa anapita na maulizo machache kuliko mwenye mupanga. Sababu hizo ni nzuri. Lakini kisu cha mufukoni kisiingie ku mugomba mugonjwa kwa sababu tu kiko karibu, na kisiazimwe kwa jirani bila kuoshwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Ua dume la mugomba, kwalo, halihitaji kisu chochote: livunjwe kwa kijiti chenye panda.

Koperative inayotaka kuagiza pamoja, kamati ihesabu kwanza ni mashamba mangapi yenye migomba, si wanamemba wangapi. Kila shamba lipate chuma chake kisichotoka, na ndoo yake. Mbele ya kulipa, muombe mufanyabiashara kisu kimoja cha majaribio. Mukiweke usiku mumoja na ndimu na chumvi, mukioshe kwa Jik kila siku wiki mbili ku kazi ya kweli, mukikabidhi kwa mumama ao mubaba anayekata sana kuliko wote. Kikirudi kikiwa na madoa ku pini, musiagize.