Manowari za sentimita 4: vita vya Tanganyika mezani

Wapenzi wa michezo ya vita ya mezani hupenda merikebu za matanga za Trafalgar, mwaka 1805: mlingoti wa waya, tanga la karatasi, kamba za uzi wa kushonea. Lakini mkazi wa Lubutu au Kindu anayetaka vita vya majini hana haja ya kwenda Ulaya. Vipo hapa Kongo, na boti zake zilipita Lualaba, mto uleule unaoteremka hadi Kindu.

Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou. Jina la kwanza si Kiswahili. Kwa Kifaransa cha watoto ni paka, na la pili ni mbwa. Kutoka Cape Town zilipanda treni hadi Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia hapakuwa na reli, kwa hiyo zilivutwa milimani na ng'ombe na mitambo ya mvuke, huku madaraja zaidi ya 100 yakijengwa. Kisha Bukama, Lualaba hadi Kabalo, na treni tena hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Tarehe 9 Februari 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Kwa kipimo cha 1 kwa 300, Mimi ina sentimita 4 tu. Chonga mti laini, piga msasa, weka pini iwe mzinga. Paka nyeusi kwanza. Ikikauka, pitisha kijivu kwa brashi iliyo karibu kukauka, kingo zijitokeze. Graf von Götzen inafika karibu sentimita 24, tena ina mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg. Hiyo ikiingia mezani, Mimi haina lake. Kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, hakuishambulia.

Kinachonikera ni mchezo kuanza boti zikiwa tayari ziwani. Wakongo waliokata miti, na wanawake waliobebea mitambo ile maji, hawana kisanamu hata kimoja. Anayejitengenezea seti yake aanzie Fungurume: kila dadu mbaya inakula siku, kila siku inadai maji, na mvua ikiwahi, njia ni tope.

Götzen nayo ichongwe mara mbili. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba.