Ngitili: Hifadhi Yenye Mwenyewe

Je, mfugaji hajali mazingira? Historia ya Shinyanga, nchini Tanzania, yatoa jibu jingine. Wasukuma wa huko walikuwa na ngitili: malisho yaliyofungwa wakati wa mvua, yakafunguliwa kiangazi. Uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970 uliwatenga wengi na ngitili zao. Zilizokosa mwenyewe zikakosa na mlinzi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, na desturi hiyo ikafufuliwa. Ardhi ilipopumzishwa, visiki na mizizi vikachipua bila kupandwa. Kufikia mwaka 2004, ngitili zilienea hekta zaidi ya 300,000. Tabia ya watu haikubadilishwa kwa hotuba pekee. Walirudishiwa haki ya nyasi, kuni na dawa, nao wakailinda miti.